Wafiwa Wasiohesabiwa

Kwetu Balambala, Garissa, mtu akifa, kazi hugawanyika bila mkutano. Wanaume huenda kuchimba kaburi, wengine hukosha maiti, vijana hutafuta maji, na Mungu akijalia jua halizami kabla ya mazishi. Kisha huanza taazia, siku tatu. Watu huja kutoka Saka, kutoka Jarajara, kutoka Danyere, na wengine huvuka kutoka ng'ambo ya mto Tana. Hawaji na hotuba. Huketi. Chai ya maziwa ya ngamia inazunguka, anayejua kusoma anasoma, na mfiwa anasimulia jinsi marehemu alivyougua, alivyoomba maji, alivyofumba macho. Akiingia mgeni mwingine, simulizi inaanza upya. Kufikia siku ya tatu imekwisha kutulia, imepata mwanzo na mwisho, na mwenye kuisimulia ameanza kula.

Nimelelewa ndani ya desturi hii. Lakini nilikuja kuelewa inafanya kazi gani nilipokuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi, mbali na nyumbani, mahali ambapo haipo. Kuna mtu anayekuwa kando ya kitanda roho inapotoka, aliyeshika mkono, aliyebonyeza kifua mpaka viganja vikafa ganzi, na mtu huyo hahesabiwi miongoni mwa wafiwa. Hapewi pole wala hatandikiwi mkeka. Ana kitanda cha kupangusa kwa dawa, maana mgonjwa mwingine yuko mlangoni.

Nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa katika hospitali kubwa jijini Nairobi. Aliyewahi kumwangalia jamaa yake kupitia kioo cha ICU anaijua kwa juu: mirija, mashine, ukimya wa watu, kelele za vyombo. Muuguzi anaijua kwa mikono. Mgonjwa aliye kwenye ventileta hawezi kujigeuza, kwa hiyo unamgeuza kila baada ya saa chache ili mgongo usifanye vidonda. Mate hayamezeki, unayavuta kwa mrija. Dawa za usingizi zinayaacha macho nusu wazi, unayapaka mafuta yasikauke. Unamchana nywele. Na muda wote unamsemesha ingawa hajibu: mama, nakugeuza sasa, mzee, hii ni baridi kidogo, vumilia. Daktari anapita, anatoa maagizo, anaendelea kwa mwingine. Wewe unabaki shifti nzima na mwili huo mmoja, unajua hata kidole kipi huanza kuvimba.

Akifa, kazi inayofuata muuguzi haisimulii nyumbani. Unachomoa mirija mmoja mmoja. Unafunga kidevu kwa bandeji kabla hakijakakamaa. Unaandika jina kwenye lebo, unaifunga mguuni. Unasimama na mke wa mtu mlangoni na kumjibu anapouliza kama alisema chochote, nawe unajua hakusema kwa sababu alikuwa na mrija kooni tangu walipomleta. Watu wa mochari wanakuja na kitanda chao cha chuma. Nyakati ambazo wodi ilikuwa imefurika, haikuwa ikipita hata saa nzima kabla ya jina jipya kuandikwa ubaoni juu ya kitanda kile kile. Mjane alikwenda kwao, akapokewa na watu. Sisi tuliosha mikono.

Dalili zilianza na sauti. Ventileta ikipoteza shinikizo hulia mlio fulani, mfululizo, na masikio ya muuguzi hufunzwa kuamka kwa mlio huo hata akiwa amesinzia kwenye kiti. Ulinifuata. Nikiwa mtaani Eastleigh, lori likirudi nyuma na kengele yake, moyo ulikuwa ukinienda mbio, nikijikuta nimeshasimama, mikono imetangulia mbele kutafuta mgonjwa. Usingizi ulikatika vipande. Nilianza kukwepa lifti ya jengo moja kwa sababu harufu yake ilikuwa ya dawa ile tuliyopangusia vitanda. Nilikuwa nikimpigia mama simu kila jioni, nikaacha. Sauti yake ilikuwa inanitaka nihisi kitu, na mimi nilikuwa nimefunga. Wenzangu walikuwa na yao. Mmoja alikuwa akirudi wodini baada ya kutoka kazini kuhakikisha kwamba amelifungua bomba la dawa, ilhali mwenzake aliyempa ripoti alikwisha kuliona. Kaka mmoja alitafuna miraa ili akeshe, asubuhi akameza vidonge ili alale, na katikati ya hayo hakuna aliyemuuliza anakimbia nini.

Madaktari wa akili wana jina la hali hii: ugonjwa wa kiwewe. Waliliingiza kwenye kitabu chao cha uainishaji wa magonjwa huko Marekani mwaka 1980, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Mambo wanayoyatafuta ni manne: tukio linarudi bila kuitwa, katika ndoto au mchana, mtu anakwepa kila linalolikumbusha, fikra na hisia zinageuka, anajilaumu au anakufa ganzi, na mwili unabaki macho kama mlinzi ambaye hakuja wa kumpokea zamu. Yakidumu zaidi ya mwezi na kumharibia mtu maisha, ni ugonjwa, una tiba. Toleo la 2013 la kitabu hicho lilitaja wazi jambo ambalo wauguzi walikuwa wakilijua: kwamba si lazima risasi ikupite wewe. Anayekutana tena na tena na yaliyowafika wengine, kwa sababu ndiyo kazi yake, naye anaweza kuumia hivyo hivyo. Mwaka 2007 Meredith Mealer na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti uliowalinganisha wauguzi wa ICU na wa wodi za kawaida. Asilimia 24 ya wa ICU walikuwa na dalili hizo, dhidi ya asilimia 14 ya wenzao. Hizo ni hospitali ambazo umeme haukatiki.

Kwetu takwimu ninayoikumbuka ni ya wananchi. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 1998, Daktari Frank Njenga na wenzake waliwahoji watu 2,883 katika miezi iliyofuata, wakakuta asilimia 35 wana dalili zinazokaribia ugonjwa huo. Nchi yetu basi ilishajua mapema jinsi kiwewe kinavyoenea. Kilichochelewa ni kumwona aliyevaa sare.

Halafu ikaja Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi, alfajiri, wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakawatenga watu kwa dini zao. Waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Majeruhi walipokewa kwanza katika hospitali ya rufaa ya Garissa, na wauguzi waliowapokea walikuwa wakazi wa mji ule ule. Waliohitaji zaidi walirushwa kwa ndege hadi Nairobi. Miili ilipelekwa mochari ya Chiromo, na familia zikakusanyika uwanja wa Nyayo, ambako Msalaba Mwekundu uliwapa ushauri nasaha. Jambo hilo lilikuwa jema na lilifanywa kwa moyo. Nilitazama habari hizo nikiwa nimesimama katika chumba cha chai, nikawaza kuhusu wauguzi wa Garissa waliokuwa bado wanapangusa sakafu.

Mmoja wa majeruhi wa siku zile nilimuuguza. Nisimweleze zaidi ya kusema alikuwa msichana na kwamba aliishi. Mimi ni Msomali wa Garissa, na nilivaa hijabu chini ya kofia ya kazi. Mama yake alishinda kwenye benchi la nje akinitazama nikiingia na kutoka. Siku moja akaniita.

"Sista, wewe kwenu ni wapi?"

"Kwetu ni Garissa, mama."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Huko usiku kuna baridi?"

Nikamwambia mwezi wa nne joto la Garissa halipungui hata usiku.

"Basi hakuumwa na baridi pale chini," akasema, akarudi kukaa.

Watu hudhani kinachomrudia muuguzi ni damu. Damu tumezoea, na hilo nalisema bila fahari. Kinachonirudia mimi ni swali hilo la baridi. Wenzangu wote niliowahi kuzungumza nao wana jambo la namna hiyo, dogo, ambalo hakuna ambaye angeliona la kutisha: soksi za mtoto alizokuja nazo, simu ya marehemu iliyoendelea kulia ndani ya mfuko wa nguo ikiwa na jina "Nyumbani" kwenye kioo. Ripoti ya shifti haina mahali pa kuandika mambo hayo. Unaandika mapigo, shinikizo la damu, mkojo, muda wa kufa. Soksi unarudi nazo kichwani.

Nilirudi nyumbani baadaye. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni kwamba baada ya mashambulizi ya 2014 na 2015, lile la basi la Mandera la Novemba 2014 lililoua watu 28 likiwemo, walimu na wahudumu wa afya wengi waliotoka kaunti nyingine waliondoka Kaskazini Mashariki, na siwalaumu. Waliobaki walifanya kazi ya walioondoka. Mama alipoona silali alinipeleka kwa sheikh. Kisomo kilinituliza moyo, na naendelea kukitaka hadi leo, lakini usingizi haukurudi. Hapa kijijini bauza ya maji ikirudi nyuma kwenye tangi hulia mlio wa lori la Eastleigh, na majirani wamezoea kuniona nikishtuka. Kijana wa bauza siku hizi huita jina langu kwanza kabla ya kuingiza gia. Ni wema ambao hakuna aliyemfundisha.

Balambala hakuna ICU. Mahututi wa Balambala hufikishwa Garissa mjini kwa barabara ya vumbi inayofuata Tana, kupitia Sankuri, na mvua ikinyesha kuna laga, makorongo ya mvua, za kuvuka ambazo hazina urafiki na gari. Mwisho wa 2023, El Niño ilipomwaga, hata barabara kuu ya Garissa kwenda Nairobi ilikatika pale Madogo. Kwa hiyo ndani ya ambulensi ninayofanyia kazi sasa, ICU ni muuguzi, mtungi wa oksijeni, na ambu.

Ambu ni kifuko cha mpira chenye barakoa. Unakiminya, hewa inaingia, unakiachia, inatoka. Mtu mzima anahitaji pumzi moja kila sekunde sita hivi. Mtoto mchanga, arubaini au zaidi kwa dakika. Hospitali kubwa kazi hii hufanywa na ventileta na wewe unasoma namba. Barabarani unaifanya kwa vidole, umepiga goti, kichwa cha mgonjwa kati ya mapaja yako ili kisiyumbe, mkono mmoja umekaza barakoa na mwingine unahesabu. Dereva hupaza sauti, "Shimo!" nawe unakaza. Jamaa wa mgonjwa yuko pembeni anasoma Yasini. Baada ya muda kidole gumba hakifungi tena, unabadilisha mkono bila kukosa pumzi. Hakuna wa kumwachia. Wala hakuna daktari wa kusema sasa basi.

Na hapo ndipo palipo na jambo ambalo sikulijua Nairobi. Katika wodi, timu huacha kwa pamoja: daktari hutazama saa, hutaja muda, wote husikia. Barabarani kuacha kuminya ni kutangaza, na anayetangaza ni wewe peke yako mbele ya mama wa mtoto, gari likiwa linakwenda. Nimewahi kumpeleka mtoto mchanga ambaye moyo wake ulisimama tukiwa tumeshapita Sankuri. Nilisikiliza, nikaendelea, nikasikiliza tena. Bibi yake alikuwa akiitazama mikono yangu. Nilipoacha hakulia. Alisema "Inna lillahi," akavua shali yake akanipa nimfunikie. Dereva akauliza taratibu kama tuendelee au turudi.

Tulirudi. Nairobi wafiwa huondoka kwa mlango wao nawe kwa wako. Hapa mnarudi pamoja kwa gari moja, njia ile ile, maiti katikati, na mnapofika kila mtu anajua nani alikuwa nyuma ya ambulensi. Niliogopa. Nilifikiri watanikwepa, au watauliza mbona hukufanya hivi ama vile. Kesho yake asubuhi bibi alituma kijana aje aniite kwenye taazia.

Nilikaa upande wa wanawake. Mtu aliingia, bibi akasimulia mpaka pale tulipopanda gari, kisha akanigeukia. "Eeddo, endelea wewe. Wewe ndiye uliyekuwa na mikono yake." Aliniita shangazi, mimi niliye mdogo kuliko binti yake wa mwisho. Nikaendelea. Nilisema nilivyominya, mahali moyo uliposimama, muda nilioendelea baada ya hapo. Aliingia mwingine, tukasimulia tena, bibi sehemu yake na mimi yangu. Mara ya pili nilijikuta nakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau, kwamba mtoto alifumbua jicho moja tukiwa bado Balambala, na mama yake, aliyekuwa ameegemea ukuta tangu asubuhi, akauliza jicho lipi. Nikamwambia la kushoto. Akaomba chai.

Nililala usiku ule. Sitaki kusema nilipona, kwa sababu sikupona. Lakini kifo kile hakijawahi kunirudia kama vile vya Nairobi vinavyorudi. Kina mwanzo, kina mwisho, na wanakijua watu wengine.

Niliposoma zaidi nilikuta tahadhari ambayo ni lazima niiseme, isije mtu akaenda kuwakalisha wauguzi wake kwa lazima. Kikao kimoja cha kumlazimisha mtu asimulie kila alichokiona mara tu baada ya tukio, jambo ambalo mashirika mengi yalilifanya miaka ya nyuma, hakijaonyesha kwamba kinazuia ugonjwa, na miongozo ya Uingereza inashauri kisitumike. Shirika la Afya Duniani nalo katika miongozo yake ya 2013 linashauri watu wasipewe dawa za kutuliza za jamii ya dayazepamu kwa dalili za mwezi wa kwanza. Vidonge vya kaka yule vilikuwa vya jamii hiyo. Kinachotibu ugonjwa ukishakaa ni mazungumzo ya kitaalamu yanayoligusa tukio lenyewe, wiki baada ya wiki, na mtu aliyefunzwa. Mimi nimeyapata, kwa taabu ya safari, na yamenisaidia na mengi ya Nairobi. Wataalamu hao Kaskazini Mashariki ni haba mno, ingawa Kenya ilirekebisha sheria yake ya afya ya akili mwaka 2022 na kuzikabidhi kaunti wajibu wao.

Taazia si kikao cha namna ile. Hakuna anayekuamuru useme. Unaweza kukaa siku tatu ukinywa chai tu. Walioko pale walimjua marehemu, kwa hiyo huelezei, unaongezea. Na hukai na wageni wa majonzi yako. Unakaa na wenye majonzi. Naamini muuguzi wa mahututi angeumia kidogo kuliko anavyoumia sasa kama angeruhusiwa kuwa mfiwa. Hilo silijui kwa utafiti. Nalijua kwa mwili wangu, na naliamini.

Kinachonikera ni sindano. Muuguzi akichomwa na sindano iliyotumika, kila mtu anajua la kufanya: osha, ripoti, andika kwenye daftari, anza dawa za kinga kabla ya saa 72 kupita. Daftari lipo hospitalini, hata katika zahanati ndogo. Hakuna anayemwambia aliyechomwa kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoichagua. Lakini aliyeminya ambu mpaka kitoto kikafa mikononi, asubuhi yuko kliniki ya chanjo, anapima uzito wa watoto wengine.

Kwa hiyo niliomba mambo matatu kwa msimamizi wetu, kwa maandishi. Muuguzi aliyefiwa barabarani asipangwe zamu siku inayofuata. Akitaka kwenda taazia aende, na ihesabiwe kuwa kazi. Na jina lake liandikwe. Alikubali la pili na la tatu papo hapo. La kwanza alisema tutajaribu, kwa kuwa wauguzi hawatoshi. Ni kweli hawatoshi. Nilimjibu kwamba baadhi ya niliofanya nao ICU sasa wako Uingereza na Ghuba, na niliowauliza sababu hawakuanza na mshahara.

Daftari la ambulensi lilikuwa na safu za tarehe, kilomita, dizeli na hali ya mgonjwa alipofikishwa. Tumepiga mistari ya ziada kwa rula: nani alikuwa nyuma, alikwenda taazia au hakwenda, na amerudi zamu lini. Vijana wa kiume wa zamu ya usiku walikuwa wa kwanza kuijaza. Mmoja wao aliandika "hakwenda" mara kadhaa, kisha mwezi uliofuata akaja kuniuliza kama anaweza kwenda kwa watu aliowaandikia hivyo tangu mwaka jana, ama wamekwisha kusahau. Nikamwambia achukue bodaboda ya asubuhi kwenda Jarajara, aanze na huyo wa kwanza, nami nikamshikia zamu.